Shore wa Kwenye Tundu la Spoku

Kawajense, Mpanda
Jioni ya kuamkia safari yako

Odeta mwanangu,

Hali yako naijua, kwa hiyo sikuulizi. Uko kwa Mama Sofia, nyumba ya tatu kutoka hapa, umeinamisha kichwa unasukwa, na kila baada ya muda nasikia mnacheka. Mama yako ameenda sokoni kutafuta beseni na kandambili za kwenda nazo chuo, maana anasema ulizonazo ni za kuchekwa. Mimi nimeachiwa kazi moja tu, kuangalia maharage. Nimevuta kigoda mpaka kibarazani, sufuria naiona kutoka hapa, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la hesabu la kidato cha pili. Lilikuwa na kurasa nyeupe nyingi mwishoni, nami sikuuliza kwa nini.

Mpaka sasa kila mtu ameshakupa maneno yake. Shangazi yako amekuusia juu ya wanaume, tena kwa kirefu, hadi nikashangaa amejulia wapi yote yale. Mama yako amekuusia juu ya chakula, nguo na sala. Mimi nimekaa kimya, na jana wakati wa kula niliona unavyonitazama, unangoja na mimi niseme la kwangu. La kwangu ni moja, na nilipaswa kukuambia miaka kumi na mitatu iliyopita. Nimejaribu mara nyingi kulisema kwa mdomo, na kila mara naishia kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana naandika. Bahasha nitaifunga kwa solusheni ya kuzibia tyubu, na nakuomba usiifungue mpaka treni iwe imevuka mto Ugalla, usije ukashuka Katumba ukarudi kunigombeza.

Jambo lenyewe linaanzia kwa shore.

Wawili wako juu ya mpapai sasa hivi. Mmoja amepachika kichwa chake cheusi ndani ya papai lililoiva, mwingine yuko kwenye kikonyo cha jani anaimba, na kila akiruka naona ule unjano chini ya mkia wake. Unawajua kuliko mimi. Ni ndege wa kila ua hapa Mpanda, hana bei, hakuna mtu anayesimama njiani kumtazama. Lakini ndiye anayetuamsha kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa, na ndiye anayepiga kelele za mwisho jioni akigombania tawi la kulala. Huyu anayeimba sasa anasema kwi-kwio-kwilo, kwi-kwio-kwilo, halafu ananyamaza kusikiliza kama kuna wa kumjibu.

Nawe unajua kazi yangu. Miaka yote hii nimekaa pale sokoni chini ya turubai nikitengeneza baiskeli, na masikio yamenilisha kuliko mikono. Mtu kabla hajafika kwangu nimeshajua gololi za gurudumu la nyuma zimekwisha, au cheni imelegea, au kuna spoku imekatika inagonga uma wa gurudumu. Hata mama yako nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa ametoka Mishamo kwa lori na baiskeli ya kaka yake na nusu gunia la maharage, anaikokota kuelekea sokoni, na pedeli inalia. Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Dada, ekseli ya pedeli imekauka hiyo, itakatika."

Akanijibu kwa hapana ya Kirundi, "Oya, inaongea tu. Wewe ndiyo unaisikia vibaya."

Wiki iliyofuata alirudi ameishika pedeli mkononi. Akaiweka juu ya kisanduku changu cha spana na kusimama pembeni kama askari. Nilicheka mpaka machozi, naye ikambidi acheke. Niliitengeneza pedeli ile kwa siku tatu, kazi ya nusu saa. Hadithi hii umeisikia mara nyingi, na kila mara huwa naimalizia kwa kujisifu kwamba mimi hakuna kinachopita masikioni mwangu bila kukisikia. Kuanzia leo nitaacha kuimalizia hivyo.

Mwaka ule mama yako aliposumbuliwa na malaria isiyokwisha, tulikupeleka kwa bibi yako Mishamo, ukakaa msimu mzima wa mahindi. Ulikuwa na miaka mitano. Ulirudi umenenepa, unaongea Kirundi kama umezaliwa nacho, na umejaa sauti za shore. Bibi alikuwa anakaa na wewe ukingoni mwa shamba kufukuza ndege, na badala ya kuwafukuza mlikuwa mnawasikiliza. Ukaanza kunifundisha. Tukikaa hapa kibarazani unanishika kidevu unanigeuza uso: "Baba, huyo anamwita mwenzake, wamepotezana." "Baba, hao wanagombana, sikiliza, wanaacha halafu wanaanza tena." Na ile ya nyoka ulinifundisha kwa macho makubwa: "Ya nyoka haikomi Baba. Wanakaa sehemu moja wanatukana, cherr-cherr-cherr, na ndege wengine wote wanakuja kuangalia."

Sauti zao ulikuwa unazitoa mwenyewe. Sijui mdomo ule mdogo ulikuwa unaufanyaje. Ulikuwa ukiita kwi-kwio na shore anakujibu kutoka kwa jirani. Siku nyingine unasimama katikati ya ua unapiga ile ya nyoka, na yule kuku wetu mwekundu anakusanya vifaranga na kukimbilia chini ya karai, huku wewe unajigaragaza chini kwa kicheko. Mama yako alikuwa akikukemea na kucheka kwa wakati mmoja. Niliipenda sana nyumba yetu siku zile, Odeta, na sijui kama niliwahi kusema.

Sasa niandike lile baya.

Mipapai nilikuwa nimeipanda sita nyuma ya jiko. Nilikuwa na hesabu zangu kichwani, mapapai nitayaweka pale kwenye turubai, anayengoja baiskeli yake atanunua. Shore hawakujua hesabu hizo. Walikuwa wanalingoja papai liive kabisa, asubuhi ya siku niliyopanga kulichuma, wanalitoboa tundu moja nadhifu na kula ndani. Nilitundika makopo, nikatundika kanda za kaseti zinazong'aa, nikaweka mtu wa matambara amevaa shati langu. Walimzoea, wakawa wanatua kichwani kwake.

Ndipo nilipokumbuka mchezo wetu wa utotoni kule upande wa Inyonga, ulimbo. Unakinga utomvu wa mkuyu, unauchemsha na mafuta kidogo mpaka unakuwa mzito, halafu unaupaka kwenye vijiti na kuvichomeka karibu na tunda. Ndege akitua miguu inanasa, akipiga mabawa nayo yananasa. Kwa wiki mbili niliwanasa karibu wote. Nilichowafanyia unakijua, maana mchuzi wao uliukataa na ukalala na njaa. Yule wa mwisho ulimkumbatia kifuani na ulimbo wake wote, ukalia mpaka Mama Sofia akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikashindwa. Tukamsafisha na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, nami nikamtengenezea tundu kwa spoku za zamani, nimezikunja moja moja na kuzifunga kwa waya wa breki. Lilikuwa tundu zuri. Nikalitundika hapa hapa kibarazani, linatazama jiko na lundo la kuni, na nikajiona baba mwema.

Ua ukawa kimya. Niliupenda ukimya ule, niseme ukweli. Mapapai yakaiva bila tundu hata moja.

Jumapili moja, baada ya misa na baada ya kula, mama yako alikuwa ameenda kwenye jumuiya, mimi nimekaa na redio. Timu yangu ilikuwa inacheza, wamebana mpira golini kwa wenzao. Yule shore akaanza. Cherr-cherr-cherr, cherr-cherr-cherr, amekaa upande mmoja wa tundu, hatulii. Sikuwa namsikia mtangazaji. Nikakuambia umpe ndizi.

Ukasema, "Baba, hana njaa. Anasema nyoka."

"Anasema ana njaa. Mpe ndizi."

Ukampa. Hakuigusa. Ukarudi na kunivuta suruali. "Baba, hii siyo ya njaa. Bibi alisema ikiwa haikomi ni nyoka."

Niliinuka, kweli niliinuka. Niliuchukua mtandio wa mama yako kwenye kamba, nikalifunika tundu. Ndege akiwa gizani hunyamaza, na yeye akanyamaza. Nikarudi kwenye kiti. Nawe ukaja mara ya tatu, ukasimama kati yangu na redio. Ulisema, nakumbuka kila neno, "Baba, alikuwa anaangalia kuni."

Nikakuambia, "Odeta, funga bakuli lako. Nikisikia tena habari za ndege, na wewe nitakufunika."

Ukaenda ukakaa chini, mgongo ukutani, ukaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani unafanya mchezo. Timu yangu ikapata kona.

Mama yako alirudi na kupitia nyuma moja kwa moja, akainama kuchukua kuni za jioni. Kona ilikuwa haijapigwa bado nilipomsikia akilia. Nyoka alikuwa swila, amejikunja katikati ya magogo, akamgonga kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Badala ya kukimbia hospitali nilisikiliza watu waliosema lipo jiwe jeusi, likibandikwa linanyonya sumu, mwenye nalo anakaa ng'ambo ya reli. Tulimngoja mwenye jiwe. Likabandikwa, likaanguka, likabandikwa tena, na mkono unavimba mpaka kiwiko. Ni bibi mmoja tu wa jirani aliyetusukuma: "Nyie wanaume mnangoja nini? Tafuteni pikipiki!" Hospitali walimwokoa mama yako. Kidole hawakuweza, kilishaoza, wakakikata.

Lakini katika yote hayo kuna dakika moja ambayo ndiyo imenifanya nichukue kalamu. Ni kabla ya pikipiki kuja. Ua umejaa watu, mama yako kalazwa kwenye mkeka, na mtu mmoja akauliza, "Kwani hapakuwa na mtu hapa? Hakuna aliyemwona?" Kila mtu alikuwa ananitazama. Nami nikageuka, nikakunyooshea kidole mbele ya wote: "Odeta alikuwa hapa hapa. Odeta, kwa nini hukusema?"

Ulikuwa bado umekaa pale ukutani. Ulitoa mikono mdomoni taratibu, ukanitazama.

Mwanangu, ulisema. Ulisema mara tatu. Ulisema kwa maneno yanayoeleweka na mwishoni ukaonyesha hadi mahali alipo. Wewe na yule ndege nyie wawili mlifanya kila kilichokuwa ndani ya uwezo wenu, na mimi ndiye niliyewafunika wote. Nilisema uongo mbele ya majirani kwa sababu niliona aibu. Nisamehe. Ulikuwa na miaka sita na ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye redio.

Hayo ndiyo. Nimeinuka kidogo nikanywa maji, sasa naendelea.

Siku mama yako aliporudi kutoka hospitali nililishusha lile tundu nikafungua mlango. Ulikuwa umemlisha shore wiki zote zile bila kukumbushwa. Alikaa juu ya paa muda mrefu, anajichambua manyoya, halafu akaruka kuelekea kwa Mama Sofia. Hukumwita. Nilingoja kusikia kwi-kwio yako nisiisikie, siku hiyo wala wiki ile, na mwaka ukaisha. Maneno nayo ukaanza kuyapima kama mtu anayepima sukari.

Nami nikanufaika, ndiyo aibu yangu ya pili. Watu walikuwa wanakuja hapa na kusema, "Baba Odeta, una binti mpole, hana kelele, umemlea vizuri." Nami nikawa naitikia asante. Mwalimu wako wa sekondari aliniita akasema unajua majibu yote lakini hunyooshi mkono, nikamwambia ni tabia yako tangu kuzaliwa. Tangu kuzaliwa! Wewe uliyekuwa unamkimbiza kuku chini ya karai kwa mdomo mtupu.

Kilichonifumbua macho ni ile siku ya mwaka jana nilipoanguka. Unaikumbuka, na najua unacheka unaposoma hapa, cheka tu. Uma wa baiskeli yangu ulikatika pale kwenye kivuko cha reli, mbele ya bajaji zote, nikatua kwa tumbo, spana zikatawanyika. Fundi baiskeli mzima! Walinicheka mpaka waliochoka kunicheka wakaanza kunihurumia. Nilipofika nyumbani nachechemea nikasema uma ulikuwa na ufa na sijui niliupitaje. Wewe ulikuwa unachambua mboga. Ukasema polepole, "Niliuona Baba. Tangu Jumanne."

Nikafungua mdomo kusema, "Kwa nini hukusema?"

Sikuweza kuyatoa. Niliyatambua, ni yale yale. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, na jioni ile nikamweleza mama yako kila kitu, redio, mtandio, mara tatu zako. Miaka yote nilikuwa nimemficha. Nilitegemea atakasirika kwa ajili ya mkono wake. Akainua ule mkono wenye vidole vinne na kuutazama.

"Kidole mimi nilishakisahau," akasema. "Mdomo wa mtoto ndiyo sijausahau. Nenda kamwambie."

Nikasema ndiyo, kesho. Imekuwa kesho mwaka mzima, na kila nikipita mlangoni mama yako ananitazama tu. Leo kabla hajaenda sokoni amesema, "Maharage yako motoni, na daftari liko juu ya kabati." Kwa hiyo usidhani ujasiri huu ni wa kwangu.

Unakwenda kusomea uuguzi, kazi ambayo siijui. Nikiumwa huwa nafumba macho wakichukua damu. Lakini nimekaa hospitali wiki tatu na mama yako, nimeona. Nimeona muuguzi mmoja, mwembamba, mgeni kazini, akamwambia mkubwa wake kwamba ule mkono haunuki vizuri, waufungue tena. Mkubwa akasema uliangaliwa asubuhi. Yule binti akasema, "Naomba tuuangalie tena." Akakaripiwa, na bado akasimama pale pale. Waliufungua, na ndiyo maana mama yako amepoteza kidole na bado ana mkono. Sikumjua jina. Alikuwa na uso uliokasirika kidogo, na nilimwombea.

Ninachokiogopa ni hiki, nakisema wazi. Siogopi wanaume wa shangazi yako. Naogopa kwamba siku moja utakuwa umesimama kando ya kitanda cha mtu, umeona kitu, na mwenye haraka zake atakuambia ukae kimya, na utakumbuka uso wangu. Ukinikumbuka siku hiyo, nikumbuke nilivyokosea. Sina cha kukuamuru zaidi ya hapo, sina haki hiyo. Ninachoweza ni kuuondoa huu mtandio niliouweka mwenyewe, na nimechelewa kuuondoa.

Tundu bado lipo, unaliona kila siku, mama yako anawekea vitunguu. Nimewahi kutaka kulitupa akanikatalia, anasema vitunguu vinapata hewa. Kwa miaka miwili baada ya ile Jumapili hatukuwa na shore hata mmoja hapa uani. Walikuwa wanapita juu bila kutua. Halafu asubuhi moja wakaja wawili wakatua kwenye mpapai, wakala, nikasimama mlangoni na mswaki mdomoni nisithubutu kusogea. Tangu siku hiyo mapapai ya juu ni yao, ya chini ni yetu. Nimekuwa najifunza sauti zao peke yangu, uzeeni, kama mtu anayeanza darasa la kwanza. Nimeshaijua ya kuitana na ya ugomvi. Ya paka bado naichanganya. Wakipiga ile isiyokoma, naacha chochote nilichoshika, nachukua panga na kwenda kutazama. Mara nyingi ni kenge tu, na mara moja alikuwa bundi aliyesinzia kwenye mwarobaini wa jirani. Mama yako ananicheka. Naenda hivyo hivyo.

Jua limeingia nyuma ya nyumba ya Mama Sofia na wale wawili wameshahama mpapai, wanagombania sehemu ya kulala. Wamekoma sasa. Nilikuwa nataka kukueleza habari ya

*

Nimerudi, na taa nimeiwasha. Kilichonitoa kwenye kigoda unakijua vizuri kuliko mimi, lakini naandika, ili ukisoma ujue upande wangu ulikuwaje.

Nilikuwa hapa na kalamu. Ndege wote wameshalala. Nikasikia kutoka kwenye mlango wa ua cherr-cherr-cherr, cherr-cherr-cherr, haikomi, karibu kabisa. Sikufikiri. Niliruka, karatasi zikaanguka, nikachukua panga nikaenda moja kwa moja kwenye kuni. Nikaanza kuvuta magogo moja moja, namtafuta swila. Ile sauti inaendelea nyuma yangu, tena inazidi, na mimi nazidi kurusha kuni.

Halafu sauti ikavunjika ikawa kicheko. Nikageuka. Ulikuwa umesimama mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama juu, umeegemea nguzo kwa kucheka, unanyoosha mkono kwenye jiko. Ndipo nilipouona moshi. Mama yako naye akaingia na beseni kichwani, akatazama moshi, akatazama panga.

"Baba Odeta! Maharage yanaungua, wewe unatafuta nini kwenye kuni?"

Nikamjibu, "Mtoto amesema."

Wewe ulidhani nimechanganyikiwa, nikaona unavyonishangaa. Yeye alielewa. Alilitua beseni chini polepole, akaenda kuipua sufuria, na alikuwa anajifuta macho kwa ile khanga ya kiunoni, akasingizia moshi. Nawe ulikuwa unacheka bado. Miaka kumi na mitatu sijaisikia sauti ile ikitoka kinywani mwako, na haijapungua hata kidogo, ulikuwa nayo tu. Sijui kwa nini umeitoa leo. Labda ni furaha ya safari, labda ulimwona mzee na kalamu yake mbele ya sufuria inayofuka ukashindwa kujizuia. Sitakuuliza.

Mnaniita nije kula. Nasikia unamwambia mama yako maharage ya juu yamepona, tusikoroge chini. Nakuja. Nilitaka ujue tu kwamba safari hii nilikwenda mahali pasipo penyewe, lakini niliinuka mara moja.

Baba yako,
anayekusikia